Barua za Mume Aliye Safarini: Amana, Uwakala na Kalamu ya Mke

Mume amesafiri kwa biashara. Huku nyuma barua imefika, na jina lililo juu ya bahasha ni lake. Je, mke aifungue? Akishaifungua, aijibu? Na akiijibu, jibu lake lamfunga mume? Haya ni masuala matatu, wala hayana hukumu moja. Lakini watu wameyachanganya, na kwa sababu hiyo majibu yanayosikika barazani huwa ama ni ukali usio na dalili au ulegevu usio na mpaka. Mmoja atasema mke ni mwenye nyumba, afungue atakalo. Mwingine atasema mke hana haki hata ya kuigusa bahasha. Wote wawili hawakurejea vitabuni, na wala hawakutazama historia ya mahali wanapoishi.

Katika makala hii tutayatazama masuala hayo kwa fiqhi na tarikhi pamoja, na tumechagua kuyatazama kutoka Kilosa na Mikumi. Sababu ni kwamba miji hii miwili imejengwa na safari. Kilosa ni mji wa njia ya misafara, kisha ukawa mji wa reli. Mikumi ni mji wa lami: hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inakutana na ile itokayo Kilosa na ile iendayo Kidatu na Ifakara. Nyumba nyingi za huko zinajua maana ya mume kuwa njiani, na zinajua maana ya bahasha inayokaa mezani.

Barua katika njia ya misafara

Kabla ya reli, msafara uliotoka Bagamoyo ulivuka Ukami na mbuga ya Mkata, ukaingia Usagara kwa bonde la mto Mukondokwa palipo Kilosa ya leo, kisha ukapanda kwenda Mpwapwa, Ugogo na Unyanyembe. Burton na Speke walipita bonde hilo mwaka 1857, na Stanley alihangaika na maji ya Mkata wakati wa masika ya mwaka 1871. Hawa tunawataja kwa sababu waliandika tarehe zao. Wenye njia walikuwa Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi, waliopita hapo miaka mingi kabla yao.

Barua ilisafiri kwa mwendo wa miguu ya mchukuzi. Mfano ulio mashuhuri ni mfuko wa barua za Livingstone. Ulifungwa Unguja ukaandikwa tarehe 1 Novemba 1870, nao haukufika mkononi mwake Ujiji ila Novemba 1871, tena ni baada ya Stanley kuukuta umelala Unyanyembe. Mwaka mzima umekwisha, na huyo alikuwa mtu ambaye Balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja akimshughulikia. Basi barua ya mfanyabiashara wa kawaida kwa mkewe ilikuwa na hali gani? Njia yenyewe haikuwa ya amani sikuzote. Mwaka 1892 Wahehe wa Mkwawa waliishambulia boma ya Kijerumani ya Kondoa (hii ni Kondoa ya Usagara, jirani na Kilosa, wala si Kondoa Irangi kama wengi wanavyodhani) na kuwaua askari waliokuwamo. Waraka uliokuwa njiani siku kama hizo, aliyeuandika hakuwa na njia ya kujua kama umefika.

Na safari zenyewe zilikuwa ndefu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu wanamjua kwa jina la Tippu Tip, katika safari yake ya tatu aliondoka pwani karibu na mwaka 1870 na hakurudi Unguja ila mwaka 1882. Ni miaka kumi na miwili. Yeye mwenyewe katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili ameeleza kuwa alikuwa amemuoa binti wa ukoo wa Barwani mwenye mali nyingi. Wafanyabiashara wa namna hiyo walikuwa wakidaiwa na kudai, mashamba yao yakiwekwa rehani kwa matajiri wa Kihindi, na bei ya pembe ikipanda na kushuka huku wao wako Manyema. Hati za madeni hazikungoja arudi. Mtu aliyebaki nyumbani ndiye aliyezipokea.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo letu: aliyebaki nyumbani, je, aliweza kuzisoma?

Nani alikuwa na kalamu?

Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kwamba watoto wa kike wa ukoo wa Sultani walifundishwa kusoma Qur'ani lakini hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akiiga herufi za Msahafu na kuziandika juu ya mfupa wa bega la ngamia. Na matokeo yake? Mwaka 1859, Sayyid Barghash alipotaka kumpindua nduguye Sayyid Majid, kazi ya kuandika barua za njama ilimwangukia msichana huyu wa miaka kumi na mitano, kwa kuwa ndiye aliyejua kuandika. Wapo walioifanya habari hii kuwa hoja dhidi ya kumfundisha mwanamke kalamu. Sisi tunaona hoja hiyo haisimami, kwani wanaume wangapi waliandika barua za fitina na hakuna aliyesema wanaume wasifundishwe?

Si kila mahali pwani hali ilikuwa hiyo. Huko Siyu na Pate palikuwa na wanawake washairi na wasomi, na mashuhuri zaidi ni Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka, aliyetunga utenzi wake kwa ajili ya bintiye karibu na mwaka 1858. Lakini katika miji mingi mwanamke asiyejua kuandika alikwenda, au alimtuma mtumishi, kwa mwandishi wa barua. Sasa tulitafakari hili vizuri. Mke anataka kumweleza mumewe aliye Bara kwamba mdai amekuja, au kwamba mtoto anaumwa, au kwamba yeye mwenyewe amechoka kungoja. Siri hiyo inapita kwanza kwa mtumishi, kisha kwa mwandishi, kisha kwa mchukuzi, na ikifika kule huenda ikasomwa na mwandishi mwingine. Walimnyima kalamu ili kuilinda sitara ya nyumba, na kwa kumnyima wakaitoa sitara hiyo nje kwa watu wanne.

Kilosa ya karne ya ishirini iliyaona haya haya kwa sura nyingine. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na Kilosa ikawa stesheni kubwa katikati. Baadaye, katika miaka ya 1960, tawi la reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi likafika Kidatu. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalileta vibarua kutoka mikoa ya mbali na hata kutoka nchi jirani, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mume yuko Kimamba anakata mkonge, mke yuko kijijini kwao. Barua na hawala ya posta vinakwenda, na kule vinasomwa na mwalimu wa shule, au karani, au kijana yeyote aliyefika darasa la nne. Aliyeisoma barua ndiye aliyeijua nyumba.

Hadithi iliyotumiwa kuwanyima

Waliowazuia wanawake kuandika walitaja hadithi iliyopokewa na al-Hakim kutoka kwa Bibi Aisha (RA), yenye maana ya kukataza wasifundishwe kuandika. Hadithi hiyo al-Hakim aliiita sahihi, lakini Imamu adh-Dhahabi aliifuatilia akasema kuwa ni ya kuzuliwa, kwani katika isnadi yake yumo Abdul-Wahhab bin adh-Dhahhak aliyetuhumiwa uwongo. Pamoja na hayo, Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki mwaka 974 Hijria) katika fatwa zake aliitegemea katika kuona kuwa kuwafundisha ni makuruhu. Na Ibn Hajar huyu si mtu mdogo kwetu: sherehe yake ya Minhaj, iitwayo Tuhfa, ni miongoni mwa vitabu ambavyo makadhi wa pwani wamehukumu kwavyo vizazi kwa vizazi. Basi haishangazi kuwa rai yake ilipata nguvu. Lakini heshima ya mwanachuoni haiifanyi hadithi ya kuzuliwa kuwa dalili.

Kinyume chake ipo hadithi katika Sunan ya Abu Dawud kuhusu ash-Shifa binti Abdillah, ambaye Mtume (SAW) alimtaka amfundishe Bibi Hafsa (RA) kisomo cha kutibia ugonjwa wa ngozi kama alivyokwisha kumfundisha kuandika. Maana yake ni kwamba katika nyumba ya Mtume (SAW) mwenyewe mke alifundishwa kalamu, na aliyemfundisha ni mwanamke.

Iko habari nyingine iliyo karibu zaidi na suala letu, na tunashangaa kuwa haitajwi sana. Imamu Bukhari ameipokea katika al-Adab al-Mufrad kutoka kwa Aisha binti Talha, aliyelelewa karibu na mamake mdogo, Bibi Aisha Ummul-Muuminin. Anasimulia kwamba watu walikuwa wakimwandikia barua kutoka miji mbalimbali, wakimpelekea na zawadi, kwa sababu ya nafasi yake kwa Bibi Aisha. Yeye humweleza mamake mdogo: hii ni barua ya fulani na zawadi yake. Bibi Aisha humwambia amjibu na amlipe zawadi, na kama hana cha kumpa, yeye atampa. Tazama utaratibu uliomo humo. Barua zinafika kwa sababu ya mtu mwingine. Anayezipokea anamjulisha mwenye jambo. Mwenye jambo anatoa idhini. Kisha jibu linaandikwa, na gharama yake inajulikana inatoka wapi. Bukhari ameiweka habari hiyo katika mlango unaohusu kuwaandikia wanawake na wanawake kujibu.

Huku kwetu aliyeamka mapema katika jambo hili ni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) wa Mombasa, ambaye katika magazeti yake, Sahifa ya mwaka 1930 na al-Islah ya mwaka 1932, alihimiza watoto wa kike wasomeshwe. Unguja nako skuli ya kwanza ya serikali kwa wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, na miongoni mwa hofu za wazazi ilikuwa ni hiyo hiyo: akijua kuandika ataandikiana na wanaume. Hawakuuliza kama asipojua atasomewa na nani.

Kufungua bahasha

Sasa tuje kwenye hukumu. Suala la kwanza ni kufungua. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (RA) hadithi inayomtisha kwa moto mwenye kutazama barua ya nduguye bila ya idhini yake. Isnadi yake ni dhaifu, na Abu Dawud mwenyewe ameashiria udhaifu wake, kwa hivyo hatuijengi hukumu juu yake peke yake. Lakini maana yake ina mashiko mengine: katazo la kupeleleza katika Suratul-Hujurat aya ya 12, amri ya kutaka idhini kabla ya kuingia nyumba za watu katika Suratun-Nur aya ya 27, na amri ya kurudisha amana kwa wenyewe katika Suratun-Nisaa aya ya 58. Baadhi ya wafafanuzi wa hadithi wameeleza kuwa kinachokusudiwa ni barua yenye siri au amana ambayo mwenyewe hapendi ionekane.

Kwa hiyo asili ni kwamba barua ya mume ni amana mkononi mwa mke, na barua ya mke ni amana mkononi mwa mume. (Hili la pili wanaume wetu hulisahau haraka.) Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo, katika ibara ya 16, imeweka hifadhi ya mawasiliano binafsi ya kila mtu, wala haikumtoa mke au mume. Idhini ndiyo inayoibadilisha asili hiyo. Na idhini si lazima iwe ya maneno. Ada iliyozoeleka baina yao nayo huzingatiwa. Mume ambaye miaka yote huacha ufunguo wa sanduku la posta kwa mkewe, akirudi akakuta bahasha za benki na za halmashauri zimefunguliwa na kupangwa, naye akashukuru, huyo ameshatoa idhini katika barua za aina hiyo. Lakini idhini ya barua za benki si idhini ya waraka wa ndugu yake au wa mkewe mwingine.

Kujibu, na mipaka yake

Suala la pili na la tatu ni la uwakala, na hapa kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi (631–676 Hijria) kina mambo ambayo kila mwenye kusafiri angepaswa kuyajua. Mwanamke kuwa wakili katika kuuza, kununua, kupokea deni na kulipa ni jambo lisilo na mgogoro. Mgogoro uko kwenye namna mume anavyomwachia.

Desturi yetu ni mume kusimama mlangoni, mkoba begani, akasema: mama fulani, mambo yangu yote nakuachia wewe. Maneno matamu. Lakini Nawawi amesema wazi kwamba mtu akimwambia mwenziwe amemfanya wakili katika kila kichache na kingi, au katika mambo yake yote, uwakala huo hausihi. Sababu ni ujinga uliozidi: hakuna anayejua kilichomo na kisichokuwamo, na madhara yake ni makubwa. Akitaja jambo likajulikana, hata kama si kwa kila undani wake, hapo unasihi. Aseme: pokea deni langu kwa fulani, uza magunia yaliyo ghalani, lipa kodi ya fremu, jibu barua za benki. Madhehebu mengine yana upana zaidi katika uwakala wa jumla, lakini kwa mwenye kufuata Shafii, na ndio walio wengi hapa, maneno ya mlangoni hayamtoshi mke.

La pili, na hili ni la hatari zaidi, ni kukiri. Kauli yenye nguvu zaidi kwa Nawawi ni kwamba haisihi kumwakilisha mtu akiri kwa niaba yako. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa mpunga na mahindi wa Kilosa aliyepeleka mzigo soko la Tandale, Dar es Salaam. Huku nyuma inaletwa barua: mumeo nilimkopesha shilingi milioni mbili, thibitisha kwa maandishi. Mke kwa kuona haya anaandika: ndiyo, tunalitambua deni lako. Kwa mujibu wa kauli hiyo, maandishi yake hayamthibitishii mume deni. Lakini yanaweza kumtia yeye mwenyewe mashakani, na ugomvi hauna mwisho. Jibu salama ni kwamba barua imepokelewa tarehe fulani na mwenyewe atajulishwa. Kisha amjulishe kweli, asiikalie.

Kuikalia nako kuna gharama. Si kila barua inaweza kungoja. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, mwenye kutoridhika na makadirio ya kodi ana siku 30 za kuweka pingamizi. Mume aliyekwenda Tunduma kwa mwezi mmoja na nusu atarudi Mikumi akute siku zimekwisha, ikiwa mke aliogopa kuifungua bahasha. Wanachuoni wametaja katika milango ya amana kwamba mwenye kuwekeshwa kitu analazimika kukilinda na yale yanayokiharibu, na akizembea hudhaminishwa. Sisi tunaona kuifungua barua ya serikali au ya mahakama iliyo dhahiri kwa bahasha yake, pale ambapo mume hapatikani na muda unakwenda, ni katika kuilinda amana wala si katika kuivunja. Siku hizi mume hapatikani mara chache, kwa kuwa simu ipo. Mke ampigie, amsomee jina la aliyeandika, naye aseme fungua au acha. Dakika mbili zinatosha kuondoa shaka yote.

Simu nayo imeleta jambo lake. Mume huacha laini ya biashara nyumbani pamoja na namba ya siri, na wateja wanatuma ujumbe na pesa humo. Huo ni uwakala wa kupokea. Kutoa pesa kwa matumizi asiyoyataja ni jambo jingine, isipokuwa nafaka yake na ya watoto, ambayo ina hukumu yake pekee. Katika hadithi ya Hind binti Utba waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alimruhusu achukue katika mali ya Abu Sufyan kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Wanachuoni wamehitilafiana kama ile ilikuwa fatwa au hukumu dhidi ya asiyehudhuria, lakini ruhusa yenyewe imethibiti.

Barua inayomhusu mke mwenyewe

Zipo barua ambazo si za mume bali ni za kutoka kwa mume, na hizo ndizo zilizotetemesha mikono mingi. Sayyidna Umar (RA) alipoona wanaume wamekaa mno vitani, aliwaandikia makamanda wa majeshi wawashike wanaume waliowaacha wake zao: ama wapeleke nafaka au watoe talaka, na wakitoa talaka wapeleke nafaka ya muda uliopita. Imamu Shafii ameitegemea habari hiyo. Kwa hivyo barua ya kumtafuta mume aliyetoweka haikuanza leo, na mke wa Kilosa ambaye mumewe amekwenda machimboni miaka miwili bila ya salamu wala senti ana haki ya kupeleka shauri lake kwa kadhi na kwa vyombo vya sheria.

Ama talaka kwa barua, Minhaj imeipambanua vizuri sana. Kuandika ni kinaya: mume akiandika bila ya kunuia, ni upuuzi usio na hukumu, akinuia, kauli iliyo dhahiri ni kuwa talaka inapita. Akiandika kwamba barua hii ikikufikia umeachika, basi haachiki mpaka imfikie. Na akiandika kwamba utakapoisoma barua yangu umeachika, hapo Nawawi anauliza jambo ambalo desturi ya pwani haikuliuliza: je, huyu mke anajua kusoma? Ikiwa anajua na akaisoma, ameachika. Ikiwa anajua lakini akasomewa na mtu mwingine, katika kauli yenye nguvu zaidi haachiki. Ikiwa hajui kusoma, akasomewa, ameachika.

Tunaomba msomaji asipite hapa kwa haraka. Mwanachuoni wa Sham wa karne ya saba Hijria anaandika kitabu cha sheria, na anamweka mke asomaye kuwa mtu wa kawaida kiasi cha kumwekea hukumu yake. Hakumtaja kama ajabu. Kitabu hicho hicho kilisomeshwa Lamu, Unguja na Bagamoyo kwa mamia ya wanafunzi, na baadhi ya waliokisomesha wakarudi nyumbani wakawazuia binti zao kushika kalamu. Na tofauti hiyo si ya nadharia. Mke wa kibarua wa Kimamba aliyesomewa barua na karani, na mke aliyeisoma mwenyewe chumbani, huenda walikuwa na hukumu mbili kwa maneno yale yale.

Tarehe nayo ni muhimu. Talaka iliyoandikwa kwa nia bila ya sharti la kufika, eda yake huhesabiwa tangu ilipoandikwa. Iliyofungwa na kufika, eda yake ni tangu siku ya kufika. Wakati barua ilipochukua miezi njiani, mwanamke angeweza kuwa amemaliza eda kabla hata ya kujua kuwa ameachwa. Kwa sababu hiyo bahasha yenye muhuri wa posta isitupwe, wala ujumbe wa simu usifutwe kwa hasira. Vilevile barua peke yake si ushahidi wa kutosha, kwani mwandiko huigwa, na simu ya mtu hushikwa na mwingine. Nia haijulikani ila kwa kauli ya mwenyewe. Aulizwe kwanza. Na kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 shauri hupita katika baraza la usuluhishi kisha mahakamani, kwa hivyo aliyepokea waraka wa namna hiyo asiondoke kwenye nyumba wala asiolewe kwa kuutegemea karatasi mmoja.

Uwakala unapokwisha

Uwakala hukoma kwa kuondolewa, na katika madhehebu ya Shafii kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba hukoma hata kabla ya wakili kupata habari. Hukoma pia kwa kifo, papo hapo. Mke aliyekuwa akijibu barua za mumewe kwa idhini yake miaka ishirini, mume akifa barabarani baina ya Mikumi na Iringa, tangu saa ile hana tena uwakala katika barua hizo, ingawa bado atakuwa na ufunguo wa sanduku mfukoni. Sasa yeye ni mrithi pamoja na warithi wengine, na yumo katika eda ya miezi minne na siku kumi. Barua zitakazofika katika siku hizo, zikiwa za madai au za malipo, zifunguliwe mbele ya warithi au mbele ya msimamizi wa mirathi na ziorodheshwe, kwa kuwa deni hulipwa kabla ya mali kugawanywa, kama ilivyo katika Suratun-Nisaa aya ya 11 na ya 12. Na zile zilizofika kabla, alizozijibu kwa uwakala, nakala zake ndizo zitakazomtetea.